Ngozi Kavu ya Uso: Ifahamu Kabla ya Kuipaka

Na Mwandishi Wetu, Pemba

Pemba ni kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote, chenye mvua za masika na za vuli, na chenye miti mingi kiasi kwamba Waarabu waliofika zamani walikiita Kisiwa cha Kijani. Hewa yake ina unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pamoja na hayo, uso unaokauka, kukakamaa, kuwasha na kutoa magamba si jambo geni katika kaya zetu, kuanzia Micheweni hadi Mkoani.

Mtu anayepatwa na hali hiyo kwa kawaida huenda dukani kabla ya kwenda kituo cha afya. Huko hukutana na makopo na mirija ya kila namna, na baadhi ya bidhaa hizo huiharibu zaidi ngozi ambayo tayari imedhoofika. Makala haya yanaeleza ngozi kavu ni ipi, inatofautianaje na ngozi iliyopungukiwa maji, mambo gani huikausha katika mazingira ya Pemba, na hatua zipi mwananchi anaweza kuzichukua nyumbani kwa gharama ndogo. Yanaeleza pia dalili ambazo hazipaswi kusubirishwa nyumbani.

Ukuta wa mawe na chokaa

Tabaka la nje kabisa la ngozi ya uso ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, lakini kazi yake ni kubwa. Huzuia maji ya mwilini yasitoke ovyo, na huzuia vijidudu, vumbi na kemikali visipenye ndani.

Aliyeziona kuta za kale za Ras Mkumbuu ataelewa kwa urahisi namna tabaka hilo lilivyojengwa. Seli zilizokufa zimepangwa mfano wa mawe ya matumbawe, na katikati yake yapo mafuta maalumu ya ngozi yanayofanya kazi ya chokaa. Chokaa ikiwa imara, ukuta hauvuji. Chokaa ikimomonyoka, maji hutoka na vitu vya nje huingia. Juu ya ukuta huo, tezi ndogo zilizo chini ya ngozi humwaga mafuta mepesi yanayoulainisha uso.

Ngozi ya uso inapokauka, ama mafuta hayatoshi, ama maji yamepungua, ama chokaa yenyewe imeharibiwa. Matunzo mazuri huanza kwa kujua ni kipi kati ya hivyo kimetokea.

Ngozi kavu na ngozi iliyopungukiwa maji

Ngozi kavu kwa asili ni aina ya ngozi. Tezi zake hutoa mafuta machache, na mwenye nayo huwa nayo kwa miaka mingi. Vinyweleo vyake ni vidogo, huwa na mparuzo inapoguswa, hutoa magamba madogo kwenye mashavu na pembeni mwa pua, na mara nyingi miguu na mikono yake nayo hupauka. Umri unaposogea, tezi za mafuta hupunguza kazi, na ndiyo sababu wazee wengi hukauka ngozi hata kama ujanani hawakuwa hivyo.

Ngozi iliyopungukiwa maji ni hali ya muda, nayo inaweza kumpata mtu yeyote, hata mwenye uso wa mafuta. Mtu huyo huona uso unang'aa kwa mafuta kwenye paji na pua, lakini mashavu yanavuta kana kwamba yamebanwa. Mistari midogo hujitokeza, rangi hufifia, na sabuni au mafuta aliyoyazoea huanza kumchoma. Wengi hudhani mafuta yale ni uchafu, wakazidi kuosha na kusugua. Kwa kufanya hivyo huzidi kuibomoa ile chokaa.

Ipo njia rahisi ya kujipima. Osha uso kwa maji ya kawaida na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa safi, kisha kaa saa moja bila kupaka kitu. Uso wote ukiwa umepauka na kukwaruza, huenda ngozi ni kavu kwa asili. Ukiwa umetoa mafuta juu lakini unabana, huenda imepungukiwa maji. Ukiwa umetulia, tatizo lilikuwa kwenye kile kilichokuwa kikipakwa.

Yanayoukausha uso katika mazingira ya Pemba

Jua ni la kwanza. Kisiwa kipo takribani nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na miale mikali hufika mwaka mzima, hata siku za mawingu. Maji ya bahari na mchanga mweupe hurudisha sehemu ya miale hiyo usoni, hivyo kofia pekee haimkingi kikamilifu mtu aliyesimama ufukweni.

Maji ya chumvi ni ya pili. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, maelfu ya wananchi, wengi wao wanawake, hushinda kwenye maji wakati wa bamvua, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Maji yanayorukia usoni hukauka na kuacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa ngozi. Wavuvi wanaorudi na ngalawa asubuhi na wapigaji mbizi wamo katika hali hiyo hiyo. Wachumaji na waanikaji wa karafuu nao hushinda juani siku nyingi mfululizo wakati wa mavuno.

Upepo ni wa tatu. Kaskazi inayovuma kati ya Disemba na Machi huja na joto na hewa kavu zaidi kuliko miezi mingine, na Kusi pamoja na kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta upepo wa baridi unaopiga uso kwa nguvu pwani. Wafanyakazi wanaokaa ofisini kwenye kiyoyozi mchana kutwa hupata ukavu wa namna hiyo wakiwa ndani ya nyumba.

Sabuni ni ya nne. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, takribani 4.5 hadi 5.5 katika kipimo cha tindikali na alikali. Sabuni ya mche ya kufulia ina alikali nyingi, kwa kawaida kati ya 9 na 10 katika kipimo hicho, nayo huyayeyusha mafuta ya ngozi pamoja na uchafu. Sabuni zinazotengenezwa na vikundi vya akina mama kwa mwani, nazi na karafuu zinaweza kuwa nzuri, alimradi kiasi cha soda kali kimepimwa sawasawa na sabuni imeachwa ikomae kwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa. Sabuni inayochoma au kuacha ngozi ikibana kama ngoma haifai kwa uso, iwe ya kiwandani au ya kienyeji.

Jambo la tano ni kuosha mara nyingi bila kurejesha mafuta. Muumini anayetia udhu mara tano kwa siku hunawa uso kwa maji safi, na hilo halina madhara. Ukavu huja pale maji yanapoachwa yakauke yenyewe kwa upepo, kwani yanapopaa huondoka na unyevu wa ngozi.

Je, kunywa maji mengi kunatosha?

Mwili usiopata maji ya kutosha huathirika wote, na ngozi ni sehemu yake. Mwenye kuharisha, mwenye homa, mchumaji wa karafuu aliyetokwa jasho kutwa, na mfungaji wa Ramadhani asiyekunywa vya kutosha baina ya futari na daku, wote wanahitaji kurejesha maji. Ila mtu ambaye tayari anakunywa ya kutosha, kuongeza vikombe vingine hakutaulainisha uso wake kwa kiwango cha kuonekana. Maji ya ndani hayatakaa ikiwa ukuta wa nje unavuja. Kinachohitajika ni kuuziba.

Matunzo ya kila siku

Osha uso kwa sabuni mara moja, au mbili kwa siku zisizozidi, kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Mara nyingine tumia maji matupu. Maji yawe ya kawaida au ya uvuguvugu, kwani ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi. Usisugue kwa dodoki wala kwa taulo lenye mikwaruzo.

Aliyetoka baharini aondoe chumvi kwanza kwa maji matamu. Dumu dogo la maji safi lililoachwa kivulini linatosha kusuuza uso kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Paka mafuta wakati ngozi bado ina umajimaji, ndani ya dakika chache baada ya kuosha. Hili ndilo jambo lenye manufaa makubwa kuliko mengine yote katika orodha hii. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Huyafungia yaliyopo yasitoke. Yakipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, hufungia ukavu.

Chagua kwa kuangalia kazi, si bei. Gliserini na yurea huvuta maji na kuyashika. Mafuta ya mgando, ambayo yamekuwa yakitumika tangu karne ya 19, huziba uso wa ngozi na kuzuia maji yasipae, na ni miongoni mwa vitu bora na vya bei nafuu vilivyopo madukani. Mwenye uso wa mafuta na chunusi atumie losheni nyepesi badala yake. Mwenye kutia udhu mchana anaweza kutumia losheni nyepesi kila baada ya kunawa, na kuacha mafuta mazito kwa usiku baada ya sala ya Isha.

Jikinge na jua. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana, mtandio, na kupanga kazi za nje kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni pale inapowezekana, hupunguza madhara kwa kiasi kikubwa. Mwenye uwezo wa kupata mafuta ya kuzuia miale ya jua achague yenye kiwango cha 30 au zaidi, na ayapake tena kila baada ya saa mbili au anapotoka majini. Kwa watu wenye ualbino hili ni hitaji la kuokoa maisha, kwani ngozi yao haina kinga ya rangi na saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Huko Moshi, Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC hufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na hapo hutengenezwa mafuta maalumu ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Nazi, liwa, karafuu na ndimu

Mafuta ya nazi yana nafasi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 nchini Ufilipino uliwahusisha watu 34 wenye ngozi kavu miguuni, na ukaonesha kuwa mafuta safi ya nazi yaliilainisha ngozi sawa na mafuta ya madini yaliyozoeleka. Yanayofaa ni yale yaliyokamuliwa kwa usafi, yasiyochacha na yasiyochanganywa na kitu. Mwenye chunusi aepuke kuyapaka usoni kwa kuwa huziba vinyweleo.

Liwa, mti wenye harufu nzuri unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji au marashi, umewapamba akina mama wa pwani kwa vizazi vingi. Ndugu zetu wa Komoro wanayo desturi inayofanana nayo, wakiita msindzano, na huupaka usoni kwa urembo na kwa kujikinga na jua. Liwa iliyosuguliwa kwa usafi haina ubaya, ila ikiachwa ikauke mpaka ipasuke hunyonya unyevu wa ngozi. Ioshwe mapema, kisha uso upakwe mafuta. Singo nayo ni ya mwili. Chembechembe za viungo vilivyotwangwa hazifai kusuguliwa kwenye uso unaotoa magamba.

Karafuu ni fahari ya Pemba, lakini mafuta yake ni makali. Mafuta yanayokamuliwa kutokana na karafuu na makonyo, yakiwemo yale ya kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, yana eujenoli kwa wingi, kemikali ambayo huunguza ngozi ikipakwa bila kuzimuliwa. Yasipakwe usoni yakiwa matupu.

Ndimu na limau ziachwe jikoni. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huweza kuungua, kutoa malengelenge na kuacha mabaka meusi kwa miezi kadhaa. Dawa ya meno na magadi navyo si vipodozi.

Hatari ya mkorogo

Katika safari ya kutafuta uso laini, baadhi ya wananchi huishia kwenye mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kuchubua ngozi. Krimu hizo hulainisha na kung'arisha uso katika wiki za mwanzo, na hapo ndipo mtu hushawishika. Baadaye ngozi hukauka, hubanduka na kuwasha, na mtumiaji hudhani anahitaji kuongeza kipimo. Ukavu ule ndio onyo la kwanza kwamba ukuta umebomoka.

Kemikali tatu ndizo zinazotia wasiwasi zaidi. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Huweza kumfikia mtoto aliye tumboni, na huweza kuwafikia watu wengine wa nyumba kwa kugusana au kupitia taulo na matandiko. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari huweza kuacha mabaka ya weusi wa bluu ambayo ni vigumu kuyatoa. Steroidi kali, ambazo ni dawa za hospitali, huifanya ngozi kuwa nyembamba, hutoa chunusi na kuonesha mishipa ya damu, na ngozi huzizoea kiasi kwamba mtu akiacha ghafla uso huwaka na kuvimba. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiache kimya kimya kwa aibu. Aende kwa daktari apangiwe namna ya kuacha.

Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa nchini Japani mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipodozi vyenye zebaki. Hapa Zanzibar, udhibiti wa vipodozi upo chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), kwa mujibu wa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Namba 2 ya mwaka 2006.

Kabla ya kununua, mwananchi asome lebo. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya kumalizika muda wake isinunuliwe. Yakionekana maneno mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol au betamethasone, irudishwe rafuni. Krimu iliyokorogwa na muuzaji na kutiwa kwenye kopo lisilo na maandishi haina anayeweza kuithibitisha. Mwenye shaka na bidhaa iliyopo sokoni atoe taarifa kwa ZFDA.

Dalili zisizosubiri

Ukavu wa kawaida hupata nafuu ndani ya wiki mbili hadi nne za matunzo mazuri. Usipopata nafuu, au zikionekana dalili zifuatazo, mwananchi afike kituo cha afya kilicho karibu naye, ambako anaweza kupelekwa hospitali ya wilaya, au hospitali za Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee, Mkoani.

Ngozi inayopasuka, kutoa maji au usaha, au kuuma. Hii huashiria maambukizi.

Muwasho unaozidi usiku, hasa ukiwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Huenda ni upele, nao hutibiwa kwa wote kwa pamoja.

Duara lenye ukingo wa magamba linaloenea. Huenda ni fangasi, na krimu ya steroidi huificha huku ikiendelea kusambaa.

Ukavu wa mwili mzima unaoambatana na kiu isiyoisha na haja ndogo ya mara kwa mara, au uchovu na kuhisi baridi kusiko kwa kawaida. Kisukari na upungufu wa homoni za tezi ya shingo huweza kujitokeza hivyo.

Mtoto mchanga au mdogo mwenye uso mwekundu, mkavu na unaowasha kila mara. Huenda ni pumu ya ngozi, na asipakwe krimu ya mtu mzima.

Baka kavu lenye rangi iliyofifia au nyekundu, lisilotoa jasho, na lisilohisi mguso wala joto. Hili lisipakwe kitu chochote. Linaweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa ambao bado upo na ambao hutibika kabisa. Dawa zake hutolewa bila malipo, na mgonjwa huzitumia kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali yake. Anayewahi hupona bila ulemavu. Anayekaa akilipaka mafuta baka lile kwa miaka, mishipa yake ya fahamu inaweza kuharibika bila kurudi.

Kwa sababu hiyo, pima baka lolote kavu lisiloondoka. Funga macho, mwombe mtu wa nyumbani akuguse kwa ncha ya unyoya au uzi wa pamba, mara juu ya baka na mara pembeni yake, nawe useme unapohisi. Usipohisi juu ya baka, nenda kituo cha afya bila kuchelewa.

Mwezi Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele katika afya ya jamii. Kwa mwananchi wa Pemba, kipaumbele hicho kinaanzia nyumbani: maji matamu baada ya bahari, sabuni laini, mafuta safi kabla uso haujakauka, kofia kichwani, na jicho linalosoma lebo kabla ya mkono kutoa fedha.